Wajibu wa Kumweleza Wakala Zana Zake

Katika muda wa miaka michache iliyopita, programu za akili mnemba, ambazo hapo mwanzo zilijulikana kwa kusema tu, zimeanza kutenda. Zamani mtu aliuliza swali, akajibiwa, na shughuli ikaishia hapo; jawabu likiwa sahihi alinufaika, likiwa ghalati alilitupa. Sasa programu hizo hukabidhiwa programu nyingine ili zizitumie kwa niaba ya watu: kukata tiketi, kupanga miadi ya wagonjwa, kusahihisha vitabu vya hesabu, kufuta faili na kupeleka malipo, na programu itendayo hivyo huitwa wakala. Ghalati ya msemaji hubaki katika maneno, lakini ghalati ya mtendaji huingia katika mali, wakati na siha ya watu, na aghalabu hairudishiki. Kwa sababu hiyo napenda kuzungumza na wasomaji juu ya jambo ambalo halitazamwi na wengi, nalo ni maelezo ya zana, yaani yale maneno machache ambayo wakala huyasoma kabla ya kutenda, na ambayo usalama wa kitendo kizima husimama juu yake.

Ili thamani ya maneno hayo ifahamike, yafaa kwanza kujua wakala hufanyaje kazi. Ndani ya wakala mna modeli ya lugha, nayo haina mkono. Kazi yake ni kusoma inachopewa na kuandika. Mtengenezaji huiwekea orodha ya zana, na kila zana katika orodha hiyo huwa na mambo matatu: jina, maelezo ya kazi yake, na vigezo, ambavyo ni nafasi za kujazwa ili zana iweze kufanya kazi. Mtu anapotoa ombi, modeli hulisoma pamoja na orodha ile, huchagua zana inayoiona kuwa yafaa, huandika jina lake na kuvijaza vigezo vyake. Kisha programu ya kawaida iliyoizunguka huitekeleza amri hiyo na kurudisha matokeo. Modeli huyasoma matokeo, ikaamua hatua ya pili, na ya tatu, mpaka kazi ikamilike au ishindikane.

Mpango huu una historia fupi. Mnamo Oktoba 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wa Google walieleza njia waliyoiita ReAct, ambayo kwayo modeli hufikiri na kutenda kwa zamu. Mnamo Februari 2023 watafiti wa kampuni ya Meta walionyesha modeli iitwayo Toolformer, iliyojifunza yenyewe ni wakati gani wa kuita kikokotoo, kalenda au mtambo wa kutafuta habari. Na mwezi Juni mwaka huo huo kampuni ya OpenAI iliwafungulia watengenezaji wa programu njia ya kuiorodheshea modeli zana zao wenyewe. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa kanuni za wazi ziitwazo MCP, ili zana iliyoandikwa mara moja iweze kutumiwa na mawakala wa namna mbalimbali, na kabla ya mwaka kutimia OpenAI na Google walikuwa wamekwisha kuzikubali. Hivi leo mtu aweza kuandika zana akiwa Morogoro, ikatumiwa na wakala asiyemjua, katika nchi asiyoijua, kwa ombi ambalo hakulifikiria hata kidogo.

Katika mabadiliko yote hayo, jambo moja limebaki vile vile: modeli haiioni zana yenyewe. Msimbo uliofichika nyuma ya jina, mazoea ya ofisi iliyouandika, makubaliano yaliyopitishwa kikaoni, tahadhari ambayo kila mfanyakazi wa siku nyingi anaijua bila ya kuambiwa, yote hayo yako nje ya upeo wake. Ijuacho ni kile ilichofunzwa tangu asili juu ya dunia kwa jumla, pamoja na kile ilichoandikiwa katika maelezo. Na palipo na pengo baina ya viwili hivyo, modeli hulijaza kwa kukisia. Kukisia kwake si kwa kusitasita kama kwa mwanagenzi mwenye haya, bali kwa ufasaha ule ule inaoutumia katika mambo iliyo na yakini nayo, hata mtu asimamaye kando asiweze kutambua ni lini ilijua na ni lini ilibuni.

Kueleza zana kwa maandishi si jambo lililozaliwa jana. Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wakifanya kazi katika Maabara za Bell nchini Marekani, walitoa toleo la kwanza la kitabu cha mwongozo wa mfumo wa Unix, ambamo kila amri ilielezwa kwa utaratibu mmoja: jina lake, namna ya kuiandika, maelezo ya kazi yake, faili zinazohusika, na, jambo ambalo lastahili sifa mpaka leo, dosari zake zinazojulikana. Waandishi hao hawakuona aibu kumwambia msomaji mahali ambapo kazi yao ilikuwa na upungufu. Walakini kitabu kile kiliandikiwa binadamu, na binadamu anaposoma ibara isiyoeleweka anazo njia nyingi za kujiokoa: humwuliza jirani yake, maana kuuliza si ujinga, hujaribu kwanza katika faili isiyo na thamani, hukumbuka jambo lililompata juzi. Wakala, isipokuwa amewekewa mahali pa kuhifadhi kumbukumbu, huianza kila kazi kama kwamba hakuna iliyoitangulia. Hana jirani. Maelezo yaliyo mbele yake ndiye mwalimu wake, ndiye mshauri wake, na ndiyo kanuni ya kazi yake.

Natuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa karibu. Tuseme kampuni ya mabasi inataka wakala awahudumie abiria kwa ujumbe wa simu, na fundi wake ameandika zana mbili, tafuta_safari na kata_tiketi. Fundi mwenye haraka ataieleza ya kwanza hivi: "Hutafuta safari. Vigezo: kutoka, kwenda, siku, saa." Kwake yeye maneno hayo yatosha, maana anaijua programu aliyoiandika kama aujuavyo uso wake, lakini abiria wa Dar es Salaam atokeaye na ombi la basi la kwenda Arusha "saa kumi na mbili asubuhi, tarehe tatu mwezi wa nne" atakuwa ametumbukiza ndani ya zana hiyo mitego miwili kwa mara moja, na wala hana kosa lo lote.

Mtego wa kwanza ni saa. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu kucha, na saa za usiku tangu kuchwa, hata saa kumi na mbili asubuhi ikawa ni ile ambayo mtambo huiandika 06:00, na saa tatu asubuhi ikawa 09:00. Modeli iliyosoma maandishi mengi zaidi ya lugha za kigeni kuliko ya Kiswahili yaweza ikaandika 12:00, abiria akafika kituoni saa sita kabla ya basi lake kuondoka. Mtego wa pili ni tarehe, kwa kuwa 03/04/2026 kwa mtu wa Afrika Mashariki ni tarehe 3 Aprili, na kwa mtu wa Marekani ni tarehe 4 Machi, na wote wawili ni wakweli. Juu ya hayo, katika mwambao, kwa desturi ya kale inayofuata hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapokuchwa, hivyo usiku wa Ijumaa kwa mzee wa Lamu au Unguja huenda ukawa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, ambao katika kalenda ya mtambo umeandikwa Alhamisi. Hakuna akili, iwe ya mtu au ya mashine, iwezayo kuukata mkanganyiko huo kwa kukisia. Wa kuukata ni yule anayeandika maelezo.

Fundi mwenye busara, kwa hiyo, ataandika namna hii: "Hutafuta safari za basi zenye nafasi baina ya miji miwili kwa siku moja, na kurudisha orodha yenye namba ya safari, wakati wa kuondoka, nauli kwa shilingi za Tanzania, na viti vilivyobaki. Haikati tiketi wala haishiki kiti. Siku: iandikwe mwaka, mwezi, siku, kama 2026-04-03. Saa: iandikwe kwa hesabu ya saa 24 ianziayo usiku wa manane, kwa majira ya Afrika Mashariki. Abiria akitaja saa kwa hesabu ya Kiswahili, ibadilishe kwanza: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 9 alasiri ni 15:00, saa 2 usiku ni 20:00. Asipotaja kipindi cha siku, au akitaja usiku wa siku fulani bila ya kubainisha ni usiku wa kuamkia siku ipi, muulize kabla ya kutafuta."

Na ya pili ataieleza hivi: "Hukata tiketi moja na kuitoza nauli yake papo hapo katika akaunti ya abiria. Itumie baada tu ya abiria kuonyeshwa safari, kiti na nauli, naye akakubali kwa maneno yake mwenyewe. Usiitumie kwa kuulizia bei wala nafasi; kwa hayo tumia tafuta_safari. Namba ya safari: ni ile iliyorudishwa na tafuta_safari, usiibuni. Zana hii haiwezi kufuta tiketi iliyokwisha kukatwa. Kiti kikiwa kimechukuliwa, nauli haitozwi, na zana hurudisha orodha ya viti vilivyobaki."

Msomaji atazame ni mambo gani yaliyoongezwa. Zana imeelezwa inachofanya na kisichofanywa nayo; imeelezwa inarudisha nini; imeelezwa itumike lini, na ni lini ipishe mwenzake; kila kigezo kimepewa umbo lake, kipimo chake na mfano wake; athari yake juu ya fedha za mtu imetajwa waziwazi; na pale ambapo ujuzi wa wakala unakoma, ameamriwa aulize. Hakuna hata neno moja la mapambo. Mtu asiyejua chochote juu ya kompyuta, akipewa ibara hizo mbili na simu ya abiria, angeweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono, na hiyo ndiyo mizani iliyo bora ya kupimia maelezo ya zana.

Baadhi ya watu hudhani kwamba modeli zikizidi kuwa na akili hazitahitaji kuelezwa. Dhana hiyo yapingwa na wenyewe waliozitengeneza. Mnamo Desemba 2024 kampuni ya Anthropic ilieleza kwamba, ilipokuwa ikitengeneza wakala wa kurekebisha hitilafu za programu, ilitumia muda mwingi zaidi katika kuzinyosha zana kuliko katika maagizo ya jumla. Wakala yule alikuwa akikosea kutaja mahali faili ilipo, kwa kuwa zana ilimruhusu kuitaja kwa kuanzia pale alipo yeye, naye akisha kuhamia folda nyingine hesabu yake ilipotea; wakaibadilisha zana ili idai njia nzima ya faili tangu mwanzo wa mfumo kila mara, na kosa hilo likakoma. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ilisimulia kwamba wakala wake alikuwa akiongeza mwaka 2025 katika maneno ya kutafutia habari pasipo haja, na hivyo kuyaharibu matokeo. Dawa yake ilikuwa ni kuyasahihisha maelezo ya zana ya kutafutia. Modeli haikubadilishwa hata chembe katika visa vyote viwili. Kilichobadilika ni kile kilichowekwa mbele yake.

Katika kisa cha kwanza mna funzo jingine. Maelezo mazuri hayawezi kuifidia zana iliyoundwa vibaya, na mahali ambapo kosa laweza kufungiwa mlango kwa umbo la zana, ni heri kuufunga kuliko kuandika onyo mlangoni. Kigezo kinachokubali majibu manne tu, kiandikwe kwa majibu hayo manne, mtambo ukatae la tano. Watafiti wa Princeton waliotoa wakala aitwaye SWE-agent mnamo mwaka 2024 waliufuata mwendo huu: kihariri walichompa wakala wao kilimwonyesha mistari mia moja ya faili kwa wakati mmoja, asije akazama katika maandishi yasiyo na mwisho, na kilikataa badiliko lo lote lenye kosa la sintaksia, kikimwambia kosa ni lipi ili ajaribu tena. Badiliko baya halikuingia katika faili, na wakala alijua kwa nini.

Kutokana na hayo yabainika kwamba maelezo ya zana hayaishii pale zana inapoitwa. Ujumbe urudishwao zana inaposhindwa ni sehemu ya maelezo pia, na pengine ndiyo sehemu inayosomwa kwa haja kubwa zaidi. Zana inayojibu "Hitilafu 400" humwacha wakala gizani, naye ataita tena na tena kwa vigezo vile vile, au atabadilisha kigezo kisicho na kosa. Zana inayojibu "Siku imeandikwa 03-04-2026, iandike 2026-04-03. Safari hutafutwa kwa siku 30 zijazo tu" humrudisha kwenye njia kwa hatua moja. Kadhalika matokeo yanayorudishwa yasiwe rundo la tarakimu za ndani ya mtambo zisizo na maana kwa msomaji. Jina la kituo lina faida kubwa zaidi kuliko namba yake ya siri katika kanzidata, isipokuwa namba hiyo itahitajika katika hatua inayofuata.

Vipimo vyataka uangalifu wa pekee, na historia ya uhandisi inao ushahidi wenye majonzi. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipokuwa kikiingia katika mzunguko wa sayari ya Mars. Programu moja ya ardhini, iliyotengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin, ilitoa hesabu za msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza, ilhali waongozaji wa safari walizisoma kwa vipimo vya metriki, na tofauti baina yao ni zaidi ya mara nne. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama kwamba hapakuwa na maelezo. Maelezo yalikuwapo, waraka wa makubaliano baina ya programu hizo mbili ulitaka vipimo vya metriki, lakini programu haikutenda kama waraka ulivyosema. Funzo lake kwetu ni kali kuliko linavyodhaniwa: maelezo yasiyolingana na kitendo ni mabaya kuliko kimya, kwa sababu kimya humfanya msomaji ashuku, na maelezo ya uongo humfanya aamini. Kila mara zana inapobadilishwa, maelezo yake yabadilishwe siku ile ile na mtu yule yule. Na kigezo kinachobeba kipimo kikitaje kipimo hicho katika jina lake, uzito_kwa_kilo badala ya uzito, nauli_kwa_shilingi_za_tanzania badala ya nauli, ili hata asomaye kwa haraka asikose kuuona.

Urefu nao una haki yake. Kwa kawaida modeli husoma orodha nzima ya zana katika kila kazi. Nafasi ya usomaji wake ina mpaka, na kila neno lina gharama. Orodha yenye zana nyingi zinazofanana, mbili za kutafuta mteja, tatu za kuandika ujumbe, humkanganya wakala katika uchaguzi hata kama kila moja imeelezwa vizuri. Heri zana chache zenye mipaka iliyo bayana. Lakini iktisadi ya maneno si ubahili wa maana. Yanayopaswa kuondolewa ni sifa na matangazo, kama vile kusema kwamba zana hii ni bora, ya kisasa na yenye nguvu, maneno ambayo hayamwongozi mtu na huweza kumvuta wakala aichague mahali isipofaa. Yasiyopaswa kuondolewa ni masharti. Sharti moja lililokatwa ili ibara iwe fupi huenda likarudi kama hasara ya siku nzima.

Sasa nafika katika jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni amana. Zana ya kusoma na zana ya kufuta si ndugu, ijapokuwa katika orodha zimekaa safu moja. Kwa sababu hiyo kanuni za MCP, katika toleo lake la Machi 2025, ziliongeza alama ambazo kwazo mtengenezaji aweza kusema kwamba zana fulani husoma tu, au kwamba yaweza kuharibu kitu kisichorudishika, ili programu inayomsimamia wakala imsimamishe na kumtaka mtu athibitishe. Kanuni hizo hizo zinatahadharisha kwamba alama hizo zisiaminiwe zikitoka kwa mtengenezaji asiyeaminika. Na tahadhari hiyo ilipata ushahidi upesi. Mnamo Aprili 2025 kampuni ya usalama iitwayo Invariant Labs ilionyesha zana ambayo kwa jina ilikuwa ya kujumlisha namba mbili, lakini ndani ya maelezo yake mlifichwa maagizo ya kumtaka wakala asome faili za siri za mwenye kompyuta na kuzipeleka ndani ya kigezo kilichotengwa kwa hila hiyo. Mtumiaji aliona zana ya hesabu. Wakala alisoma amri ya wizi. Maelezo ya zana, basi, si maandishi ya pembeni yasiyo na nguvu, kwa kuwa wakala huyatii, na mwenye nia mbaya ameligundua hilo mapema kuliko watu wengi wenye nia njema. Asiyesoma maelezo ya zana anazoziingiza katika mtambo wake amempa mtu asiyemjua ruhusa ya kumwagiza mtumishi wake.

Namna ya kuyajaribu maelezo si ngumu, ila yataka subira. Kwanza mpe mwenzako asiyeujua msimbo orodha ya zana na maombi machache yaliyoandikwa kama watu wanavyosema kweli, si kama fundi angependa waseme, umwulize angechagua zana ipi na angejaza nini. Mahali atakaposita, wakala atakisia. Kisha mwachie wakala mwenyewe kazi hizo katika mtambo wa majaribio usio na fedha wala faili za kweli, na usome kumbukumbu ya hatua zake moja moja, hasa pale alipochagua zana isiyo yake au alipojaza kigezo kisichoulizwa. Badilisha ibara moja, ujaribu tena, ili ujue ni neno lipi lililoleta badiliko. Kazi hii ni ya mhariri zaidi kuliko ya fundi, nayo yahitaji mtu anayeijua lugha na kuwajua watu wanaoisema.

Hapo ndipo ninapotaka kuwageukia wasomaji wa Kiswahili. Zana nyingi zinazoandikwa leo hueleza dunia ya waliozitengeneza: saa zao, tarehe zao, majina yao yenye sehemu mbili, anwani zao zenye namba ya nyumba na jina la mtaa. Wakala anayetumwa kuwahudumia watu wa Mwanza, Mombasa au Bukavu kwa maelezo hayo atawakosea pasipo kukusudia, atamlazimisha mwenye majina matatu aache moja, atamtaka mkazi wa kijiji anwani ambayo haipo, na atamwamsha mgonjwa usiku kwa miadi ya asubuhi. Dosari hizo hazitatengenezwa na modeli kubwa zaidi wala na kampuni iliyo mbali. Zitatengenezwa na watu wanaoishi na mambo hayo kila siku, wakiyaandika katika maelezo ya zana kwa lugha iliyo bayana, yenye mifano ya kwao. Walimu wa Kiswahili, wahariri, wafasiri na makarani waliozoea kuandika kanuni zisizoacha mwanya wanao ujuzi ambao mafundi wengi wa kompyuta hawanao, na ni hasara kwa pande zote mbili kwamba hawakutani mara nyingi.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Wewe unayetengeneza zana, usiyaandike maelezo yake jioni ya siku ya mwisho, kazi nyingine zikiwa zimekwisha; yaandike kwanza, maana ukishindwa kueleza zana yako yafanya nini, yaelekea hujaijua bado. Wewe unayeongoza ofisi na kutaka kumwajiri wakala, uliza uonyeshwe maelezo hayo, uyasome mwenyewe kwa lugha uijuayo, na usikubali kuambiwa kwamba ni mambo ya mafundi. Maneno hayo ndiyo agizo lako kwa mtendaji asiyechoka na asiyejua desturi zako, na akitenda vibaya kwa sababu ya agizo bovu, lawama ni ya aliyeagiza.